Tumekuja Kuzoea

Nyamizi, njoo hapa juu ya jiwe, kuna kivuli.
Lete lile kopo la maziwa ya unga
tuzihesabu tena karatasi.

Cheti cha kuzaliwa, kipo.
Soma jina herufi kwa herufi,
kama unavyochambua mchele wa mgeni.
Nyamizi Lushinge Mabula.
Kanisani walikuandika Nyamisi.
Siku tatu nilipanga foleni ofisi ya wilaya
kwa ajili ya zedi moja,
na karani akaniuliza mtoto yuko darasa la ngapi.
La tano, nikasema.
Akacheka mpaka miwani ikamteleza:
"Dada, haraka ya nini? Chuo kiko mbali."

Mbali!
Mimi nilifika na daraja la pili mkononi
nikakuta baba yetu mmoja ana majina mawili:
Lushinge kwenye cheti changu,
Rushinge kwenye cheti cha kifo chake.
Na marehemu haitwi kuja kujieleza.
Dirisha la mikopo likafungwa,
mizani ya Mwaloni ikanipokea.
Mwaka wa sita huu napima dagaa wa watu,
nasoma kilo, nasoma gramu,
harufu yake imeingia hadi kwenye nywele.

Usinitazame hivyo. Karatasi inayofuata.

Mwalimu Kabipe anasema sehemu na desimali
unazila kama karanga.
Sawa. Lakini kichwa hakijazi fomu.
Ndiyo maana malipo ya kila gunia la kumi
hayaonji unga wala kodi ya chumba,
ndiyo maana tunasoma Kiingereza
nyuma ya chupa ya dawa ya kikohozi,
na wewe unauliza kwa nini watikise kabla ya kunywa,
na mimi sijui,
na nimekwambia uandike swali hilo, siku moja
utalipeleka kwa anayejua.

Unaikumbuka Jumamosi ile, Malimbe?
Tumesimama getini mwa chuo,
wewe na viatu vya shule,
soksi nimezifua usiku, kisigino bado kibichi.
Wanafunzi wanapita na mabegi, hawatuoni.
Mlinzi akatoka na daftari lake:
"Mnamtafuta nani?"
Nikaanza kuomba radhi. Ukaniwahi:
"Hatumtafuti mtu. Tumekuja kuzoea."

Alikutazama muda mrefu.
Kisha akaligeuza daftari, akakupa kalamu.
"Jina. Na saa ya kuingia."
Ukaandika polepole, ncha ya ulimi nje,
zedi yako umeipiga mstari katikati
isije ikasomwa mbili.
Saa ya kutoka hatukuijaza.
Tuliporudi getini alikuwa ameenda kula.

Haya, funika kopo, kaza.
Wingu limeshatoka ziwani,
na jiwe hili likilowa linateleza.