Mbona Programu Yangu Haioni?

Ghorofa ya tatu, Luthuli, juu ya duka la spika.
Bango letu limedondosha herufi moja: MATENGENEZO YA KOMPYUT.
Alhamisi, saa nane, Bi Moraa aliweka mezani
laptopu iliyofungwa kwa leso,
akauliza kabla hajaketi:

"Nikiiona mimi, mbona programu yangu haioni?"

Na kweli aliiona. Sote tuliiona,
folda ya chama, hesabu tangu mwaka wa 2011,
imekaa kwenye dirisha na ikoni yake ya manjano,
ilhali faili zenyewe zimelala Eldoret
ndani ya mashine ya mwanawe, chini ya kitanda cha hosteli.
Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwahi kubofya mara mbili.

Lakini ile programu ya hesabu, kongwe,
aliyoandikiwa na karani wa Kariokor
ambaye sasa ni marehemu,
ilijibu kwa mstari mmoja mweusi:
hakuna faili kama hiyo.

Nikamweleza. Dirisha hili, mama, lina mkalimani wake.
Programu zilizosoma naye shule moja humuuliza yeye,
naye huuliza Eldoret, jibu likarudi.
Ya karani haikusoma huko.
Inaijua njia moja tu, ya mkwaju hadi mkwaju,
na mwisho wa njia hiyo hubisha kwenye kiini cha mfumo.
Kiini hakijaambiwa lolote kuhusu Eldoret.

"Kumbe ni bomba la ploti," akasema.
"Maji yapo, ila ufunguo ni wa wapangaji."
Nikanyamaza. Alikuwa amelisema vizuri kuliko mimi.

Mutinda akaweka chini chuma chake cha kulehemu.
"Pachika kwenye kiini chenyewe!
Iwe folda kama folda nyingine,
hata programu ya marehemu iione."
Mutinda hupenda kila kitu kizikwe kwenye msingi,
na nywila kuu anayo yeye.

"Mtandao ukikatika?" Kerubo hakuinua macho.
"Kila kitakachoigusa folda hiyo kitaganda,
na ukikiua hakifi. Umeisahau Jumatatu?"
Hakuwa ameisahau. Jumatatu tulichomoa waya ukutani.

Kerubo anamtaka mtu wa kati:
kiini kipokee swali, kimrushie yeye huko nje,
atafute, arudi, akipe kiini,
kiini kimpe aliyeuliza.
"Akianguka, ameanguka peke yake.
Nyumba inabaki imesimama."
"Na safari zote hizo za kwenda na kurudi?"
"Atachelewa. Nani hachelewi Nairobi?"

Wakaendelea hivyo, chai ikapoa.
Mimi nikachungulia uchochoroni
na kumkuta huyo mtu wa kati ameshawekwa zamani,
kimyakimya, na waliotengeneza dirisha,
kwenye njia yenye namba elfu moja katikati,
ndefu kama anwani ya mtu asiyetaka wageni.
Nikainakili. Nikaibandika kwa ile kongwe.

Ikafunguka.
Mstari baada ya mstari, polepole:
Kemunto, mia tatu. Bosibori, hajalipa.
Bosibori, hajalipa. Bosibori, elfu mbili na samahani.
Bi Moraa alicheka hadi akashika meza.

Kisha akaandika mchango wa leo, mia tano,
na mvua ikapiga bati la jirani,
na taa ya kijani ya mtandao ikazimika.

Dirisha lilikiri mara moja: seva haipatikani.
Mtu wa kati naye alikiri, kwa namba ya kosa
aliyoirudisha pale pale panapostahili.
Ila karani, Mungu amrehemu,
aliandika enzi ambazo diski haikuweza kuwa safarini.
Hakumfundisha mtoto wake kusikiliza jibu.
Programu ikatuandikia kwa herufi kubwa:
IMEHIFADHIWA.

Mutinda akamtazama Kerubo. Kerubo akautazama waya.

"Wapi?" akauliza Bi Moraa.