Anza na Zimwi Lenye Zipu

Usianze na wale wanaojulikana, Drateru.
Wale wamechapwa kwenye mabegi ya shule,
kwenye kandambili, kwenye keki za siku ya kuzaliwa;
watakufikia wenyewe, hawahitaji mjumbe.
Mimi nakupa hii: diski isiyo na ganda,
imeandikwa kwa wino wa buluu, "Japani, 4, chuma",
mwandiko wa Ezati, aliyekuwa akitafsiri sinema
katika kibanda cha mabati nyuma ya soko la Arua
wala hajui neno moja la Kijapani.

Ni vipindi kumi na viwili. Vilipaswa kuwa ishirini na sita,
fedha zikaisha. Utajua mwenyewe:
kufikia cha saba mji unaobomolewa ni uleule,
ghorofa ileile ya maboksi, dirisha limebandikwa kombo,
na zimwi jipya ni lile la wiki iliyopita
limegeuzwa pembe, limepakwa kijani.
Shujaa ni fundi wa pampu za maji.
Akitaka kugeuka haruki, hapigi ukelele.
Anavua saa, anaitia mfukoni,
kama mtu anayetaka kufua.
Hapo ndipo nilipompenda.

Ezati alishika maikrofoni iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
akaanza kwa Kilugbara, akachovya Kiswahili, akanyunyiza Kilingala:
"Huyu bwana ana deni! Hilo dude limetumwa na benki!"
Tukaamini. Miaka minane niliamini
kwamba ni hadithi ya mkopo.
Kisha nikapata nakala yenye maandishi chini:
kumbe zimwi ni mto uliofukiwa ili mji ujengwe,
umerudi kudai njia yake.
Nilizima televisheni nikakaa gizani.
Ezati hakukosea sana.

Zipu utaiona. Kila mtu huiona,
kipindi cha tatu, zimwi likiligeukia daraja:
mstari wa fedha toka kisogoni hadi mkiani.
Kibanda kizima kiliangua kicheko,
Kaltuma wa karanga akaangusha sinia.
Mimi sikucheka.
Mwaka ule kaka yangu Onzima alikuwa kuku.
Kuku wa sponji, wa kampuni ya chakula cha mifugo,
akicheza mbele ya duka, njia ya kwenda Rhino Camp,
Januari, jua limesimama wima,
shilingi elfu kumi kwa siku na soda moja.
Jioni mimi ndiye niliyemfungua zipu.
Ulitoka kwanza mvuke,
kisha shingo yenye vipele,
kisha mtu, polepole, kama anayezaliwa hataki.
"Watoto wamenipiga mateke," alisema.
"Lakini mmoja alinikumbatia mguu, hakuachia."

Basi wenzako wakicheka zipu, wewe tazama kifua.
Mwisho wa kipindi cha tano zimwi limekwisha kufa,
moshi umetanda, muziki umelia,
shujaa ameshavaa saa yake,
na kamera, kwa kusahau au kwa huruma, haijaondoka:
mpira ule unapanda, unashuka,
unapanda.
Kuna mtu mle ndani anatafuta hewa.
Jina lake halimo katika orodha ya mwisho, nimelitafuta.

Kipindi cha kumi na mbili kinakwama dakika ya kumi na tisa.
Fundi amesimama ukingoni, saa mkononi,
haijulikani anavaa au anavua,
kisha picha inavunjika vipande vya miraba.
Nakala yenye maandishi nayo inaishia papo hapo;
zote zimenyonya kwa mama mmoja.
Ukipata mwisho, huko Kampala au popote uendako,
usinipigie simu. Njoo unisimulie hapa, uigize kwa mikono.

Ifute kwa pamba, si kwa gauni. Irudi Ijumaa.
Na usimwazime Adriko,
yeye anapenda wale wa kwenye keki.