Mshono wa Maji

Saa kumi na mbili asubuhi, Łódź haijapambazuka,
theluji ya jana imekuwa tope la chumvi kwenye ngazi za maabara.
Namimina maji katika chupa ya shingo tatu,
napima unga mweupe kwa kijiko kidogo kuliko ukucha,
na kiunganishi. Hicho nakipima mara mbili,
maana ndicho uzi.

Kisha nitrojeni, mapovu kwa dakika arobaini,
kuifukuza oksijeni, mgeni asiyebisha hodi
anayekata kila mnyororo kabla haujarefuka.
Nyuzijoto sabini.
Kijichuma cha sumaku kinazunguka chini
kama kinatafuta mlango.
Nadondosha kianzilishi, tone, tone.

Halafu unangoja.
Huoni kitu, huoni,
unaanza kujilaumu,
ndipo maji yanapoingia buluu hafifu
ya maziwa yaliyotiwa maji,
na kabla hujaandika saa daftarini
yamekuwa meupe pe.

Bibi yangu, Bronisława Kądziołka,
alifuma miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda ambacho leo kinauza viatu.
Masikio aliyaacha kule, kwenye mitambo.
Jumapili nikamweleza kazi yangu kwa makelele:
BIBI, NASHONA MATONE!
Akaweka uma chini.
Matone yenye nyuzi ndani! Mia mbili zikijipanga
hazimalizi upana wa unywele wako!
Kwenye baridi hunywa maji, huvimba,
zikipata joto huyatema, husinyaa!

"Mbona basi una sura ya mtu
aliyeunguza nguo ya mteja kwa pasi?"

Kweli. Kundi la tatu lilinikatalia.
Kiunganishi asilimia kumi na tano,
zikatoka kokoto, hazivimbi, hazisinyai.
Profesa Wielgosz aliitazama grafu iliyolala chali,
akasema "Mm",
akaondoka na kikombe chake.

"Umekaza," bibi akasema, mdomo umejaa viazi.
"Kwapani huachwa nafasi.
Nguo isiyoachiwa pumzi
hupasuka, au humchekesha aliyeivaa."

Nikashuka hadi asilimia mbili.
Kiini kikashikana,
nje nyuzi zikabaki zinaning'inia,
pindo ambalo hakuna aliyelikunja.
Nikazifua siku saba katika mfuko wa utando,
nikibadili maji asubuhi na jioni
kama wa kunyonyesha.

Leo nimembebea kichupa ndani ya soksi.
Maji matupu, ungeapa.
"Shika." Akashika.
Viganja vyake ni baridi miaka hii,
damu inakatia njiani.
Tukangoja. Redio ya jirani ikasoma hali ya hewa,
ikamaliza, ikaanza matangazo ya vifo.
Nikapaza sauti kueleza, nikajikwaa,
nikataka kukichukua.

Yeye kimya akafungua kifungo cha sweta,
akakisokomeza kichupa kwapani kama kipimajoto,
akafumba macho.

Kilipotoka kilikuwa wingu.

Akakiinua dirishani.
Kikaanza kutakata, polepole, kutoka pembezoni,
naye anakifuata kwa jicho lile la zamani
lililozoea kusaka uzi uliokatika.
Hakuuona.

"Na mita moja," akauliza, "zloti ngapi?"