Kigae

Baba husema amewahi kufika Italia.
Hana pasipoti, ndege huiona ikipita tu;
ila alipanda mlima wa Tosamaganga mara nne kwa siku
na karai la udongo kichwani,
mwaka ule Bruda Anselmo alipotaka paa jipya la karakana.

"Kwetu," Bruda alimwambia, akijifuta jasho kwa kofia,
"ni mlima kama huu huu. Nyumba zimeshikana mabega
zisije zikaporomoka. Ngazi za mawe. Kengele.
Na upepo unaoingia mpaka ndani ya supu."
Baba, kijana wa miaka kumi na mitano,
akatazama juu, akaona mawe, akasikia kengele,
upepo ukampuliza shingoni.
Basi, akasema, nimeshafika.

Leo tumekuja, mimi na yeye.
Bodaboda imetutema chini ya mikaratusi.
Kila hatua ishirini anasimama;
si kuchoka, anasema, anaangalia mandhari.
Mandhari yenyewe ni mgongo wangu
na sweta langu la mtumba.

Kuna kigae kimoja, nimekisikia tangu sijaota meno,
safu ya saba kutoka ukingoni, upande wa machweo,
alichokibonyeza dole gumba kikiwa kibichi
Bruda alipogeuka kuwasha kiko.
Dole lenyewe halipo.
Msumeno wa mbao ulilila huko Mufindi, mwaka niliozaliwa,
na tajiri akamfidia mablanketi mawili.
"Lakini lipo kule juu," husema,
"limekauka vizuri kuliko mimi."

Mama Adelina Kihwele, mshika funguo,
anatazama paa, kisha anatutazama sisi.
Paa ni bati.
Vigae? Vingi vilivunjika, baba.
Vilivyobaki viko nyuma ya jiko,
vimezungushiwa tuta la vitunguu;
vingine ni nyumba ya sungura.

Tukapiga magoti kwenye tope, tukageuza.
Dole. Dole. Dole jingine.
Kumbe kila kijana alikuwa akingoja kiko kiwashwe.
Baba anapima kwa dole la kushoto,
anageuza kiganja, halikai,
anaweka mkono wa kulia, panapima hewa.
"Hiki?"
"Labda."
"Hiki je?"
"Hicho cha Luvanda. Alikuwa na kucha kama koleo."
Sungura wanatutazama kama wenye nyumba
waliofikiwa na madalali.

Mwisho akakaa kitako, akacheka mpaka akakohoa.
Mkononi ana kigae chenye mguu wa kuku,
vidole vitatu mbele, kimoja nyuma,
wazi kama sahihi ya hakimu.
"Huyu namjua! Jogoo mwekundu.
Alikatiza vigae arobaini vikiwa vibichi,
Bruda akamtukana kwa Kitaliano asubuhi nzima.
Tulimla Pasaka."

Tukamwachia Mama Adelina madole yake na vitunguu vyake.
Kuteremka, Baba amekibeba kichwani,
hana kata, shingo imenyooka,
na mkono wenye vidole vinne
unakigusa mara mojamoja kuhakikisha.
Chini Ruaha Mdogo inang'aa vipandevipande
kati ya mabua ya mahindi.
Kengele ikagonga saa kumi. Hakugeuka.
"Kule kwao," akasema,
"sikuwahi kumuuliza kama wana ulanzi."