Vipande Vitatu Ndani ya Beseni

Mama alikataa kukaa kwenye kiti cha muuzaji.
"Nimekuja kununua kabati, si kupumzika,"
akasema, na mume wangu Edegar akatazama viatu vyake.

Duka lilinuka gundi mbichi na kahawa.
Kijana mwenye tai iliyomkaba
akausukuma mlango mweupe wa kabati,
ukajifunga wenyewe, polepole, bila kishindo,
kama mtu anayetoka chumba alimolala mtoto.
"Unalipa kidogo kidogo, Dona Ivonilde, miezi kumi na minane.
Na dhamana ya miaka mitano."
Mama akapitisha ukucha ukingoni,
pale utepe wa plastiki unapokutana na ubao.
"Dhamana ya maji ipo?"
Kijana akacheka. Kisha akaona hatucheki.

Maana mto uliingia jikoni kwetu
bila kupiga hodi, ukakaa siku kumi na tisa.
Tuliporudi, makabati yalikuwa yamevimba
kama mkate ndani ya maziwa.
Edegar akavuta kitasa. Kitasa kikaja na mlango,
mlango ukaja na unga wa mbao.
Tulibomoa kwa sepeto, tukasomba kwa toroli,
na bado tulikuwa tunadaiwa miezi saba.
Kudaiwa kitu ulichokitupa mwenyewe barabarani:
hilo ndilo lililomliza, si maji.

Basi safari hii akaomba vipande.
Duka la kwanza walimpa kwa tabasamu,
la pili kwa kusitasita,
cha tatu alikiokota chini ya msumeno wa Clóvis,
seremala wa mtaa wa nyuma.
Akaviandika namba kwa penseli,
akavitosa kwenye beseni la kufulia,
akavikandamiza kwa tofali visielee,
akaenda kulala.
Mimi sikulala. Saa nane usiku nilikuwa nachungulia
kama niliyebandika maharage.

Asubuhi, cha kwanza kilikuwa kimefura,
weupe wake umebanduka kama ganda la harage.
Cha pili kilijikaza,
lakini Mama alipokibinya kwa dole gumba
gumba likazama.
Cha tatu, plaiwudi nzito ya tabaka kumi na moja,
kililowa tu. Akakigonga mezani: ko, ko.
"Huyu," akasema.
Hakusema hiki. Alisema huyu.

Ila huyu alikuwa na bei yake.
Edegar akapiga hesabu nyuma ya bili ya umeme,
akafuta, akapiga tena.
Pesa zinatosha makabati matatu. Jiko linataka saba.
Mimi nikasema tuchanganye,
ya chini yawe ya maana, ya juu yawe ya bei poa.
Clóvis akasema tuache droo,
droo ndizo zinazokula pesa: reli, skrubu, siku nzima ya fundi.
Mama hakujibu. Alikwenda ukutani,
kwenye ule mstari wa kahawia
ambao mikono miwili ya rangi haijaufunika,
akaweka kiganja juu yake,
kisha kiganja cha pili juu ya kile cha kwanza.
"Yaanzie hapa."

Sasa makabati matatu yananing'inia karibu na dari,
rangi yake ni ya mbao yenyewe, hayana urembo,
bawaba zake hazishiki kutu
(tulisusa nyama wiki tatu kwa ajili ya hizo bawaba).
Chini ni rafu za matofali na pazia la maua.
Wageni huuliza kama fundi alikosea vipimo.

Mama ni mfupi. Akitaka chumvi
hupanda kigoda alichokiunga Clóvis kwa masalio.
Kigeuze siku ukija.
Upande wa chini, kwenye kipande kimoja,
utakuta namba tatu ya penseli,
imefifia kidogo,
inasomeka.