Lifti ya Sarafu

Bafu lilikuwa jikoni, kando ya jiko.
Miaka sita nimeoga nikichungulia viazi visiungue,
na Zurabi wa jirani, akija kuomba chumvi,
aligeukia ukutani akaongea na kalenda.

Atakayehamia nimemwandikia
nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
mlango wa chumbani haufungiki mpaka uuinue kidogo,
kama mtoto aliyesinzia;
kishindo cha saa tisa usiku ni bomba, si mtu;
chungwa likikuponyoka, usihangaike,
lifuate chini ya kabati. Sakafu yote inaelekea mtoni.

Sikumwandikia habari ya mistari ya penseli
kwenye mwimo wa mlango: urefu wa watoto nisiowajua,
wa mwisho umeishia kwenye kiwiko changu.
Siku ya kupaka rangi niliizunguka.

Bi Lamzira amehesabu funguo mara mbili.
Amesema nyumba imechakaa,
amesema kodi itapanda,
halafu, bila kunitazama,
akanitia mkononi chupa ya jamu ya jozi changa.

Lifti za Tbilisi hula sarafu:
kupanda, tetri kumi. Kushuka, bure.
Nimeshusha vitabu, godoro, sufuria isiyo na mkono,
na kila nilichosahau nimelipa kukirudia.

Sasa teksi inapiga honi.
Mfukoni imebaki sarafu moja.
Funguo nimesharudisha, sijasahau kitu.

Nimeitumbukiza.