Kidole cha Shahada

Lwitiko wa chuo alikuja Kibao na rula ya kubana,
anatafuta shahada yake
kwenye kidole changu cha shahada.
"Mama Chavala, nyoosha mkono. Usikaze."

Utomvu wa chai umeshanila kucha, miaka ishirini na sita,
akapima, akafuta miwani, akapima tena;
ukungu wa Mufindi haumjui msomi.
Cha shahada: milimita sitini na saba.
Cha pete: sabini na moja.

"Cha pete kimezidi," alisema,
kana kwamba nimeiba.
Kisha akaeleza, akikitafuta Kiswahili chake:
kuna majuma, mama, hujapata jina,
hata mimba haijajulikana mtaani,
homoni ya kiume hushuka kidogo kidogo tumboni,
na vidole husikia.
"Labda," akaongeza. "Wenzetu wengine wanabisha."

Ile labda niliipenda kuliko rula.

Majuma hayo mama alikuwa shambani, ameinamia viazi,
baba kaenda Kilombero kukata miwa, harudi.
Kama kuna tone lililonidondokea
lilinikuta hapo, katika baridi ya Juni,
mgongo wa mama ukiwa ndio paa.

Shuleni waliniita jikedume.
Leo nina milimita nne za kuwajibu.

Hakuuliza kama cha pete kimewahi kuvaa pete.
Fomu yake haina chumba hicho.

Nilirudi mstarini. Jioni
mizani ikasoma kilo thelathini na mbili.
Na hiyo aliiandika.